Mguu Usiouma: Kisukari na Mwendo wa Mtu

Mtu mwenye kidonda kirefu chini ya unyayo anatarajiwa kuchechemea. Akiingia kliniki akikanyaga sawasawa, kisigino kwanza kisha vidole, kana kwamba hana lolote, mhudumu wa afya mwenye uzoefu hahitaji kipimo chochote kujua kwamba neva za mguu ule zimekufa ganzi. Hapo ndipo maradhi ya miguu ya wenye kisukari yanapoanzia. Sukari iliyozidi kwenye damu kwa miaka mingi huharibu neva, na neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidoleni, ndizo huharibika kwanza. Lakini sukari haichimbi kidonda. Inaondoa maumivu. Kidonda huchimbwa na hatua za mgonjwa mwenyewe, siku baada ya siku, mahali pale pale.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, hatua hizo ni nyingi. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko kwao, na ni miongoni mwa yale ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Si kambi ya mahema yaliyobanana. Ni vijiji vingi vilivyotawanyika vilimani na kando ya Ziwa Nakivale, kila kaya ikiwa na kiwanja na, kwa waliobahatika, kipande cha shamba. Kutoka nyumbani hadi bombani, shambani, sokoni, kituo cha afya au mahali pa mgao wa chakula ni safari ya miguu, na asiye na nauli ya bodaboda hana namna nyingine. Mbarara, mji mkubwa wa karibu uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, uko mbali kiasi cha kuhitaji gari.

Mwendo wa kawaida una mpangilio wake. Kisigino hutua kwanza na kupokea kishindo. Uzito husogea kwa ukingo wa nje wa unyayo, ukavuka kuja mbele hadi kwenye vichwa vya mifupa vilivyo chini ya mashina ya vidole, kisha dole gumba husukuma ardhi na mguu ukanyanyuka. Kila mguu huwa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda wa mzunguko wa mwendo, na katika muda huo hubeba nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili mzima. Kinachoamua kama ngozi itaumia ni ukubwa wa eneo linaloupokea uzito huo. Kilo 70 zikitawanyika unyayo mzima hazina neno. Zikiangukia kwenye kichwa kimoja cha mfupa, eneo lisilozidi sarafu, na zikarudia hapo mara maelfu kwa siku, nyama iliyo kati ya mfupa na ardhi hupondeka.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima wa kimo cha wastani hupiga hatua kama 1,400 katika kilomita moja, maana yake kila mguu hukanyaga mara 700. Anayetembea kilomita nane kwa siku amekanyaga zaidi ya mara 5,000 kwa kila mguu. Mwanamke aliyejitwika jerikeni ya lita 20 ameongeza kilo 20 juu ya kila hatua ya kurudi nyumbani.

Mwenye mguu mzima hufanya haya yote bila kupata kidonda kwa sababu mguu wake unalalamika. Akitembea mwendo mrefu, sehemu iliyochoka huanza kuwaka, naye bila kufikiri hubadili mkanyago: anaegemea ukingo wa nje, anafupisha hatua, anakunja vidole, anakaa chini kidogo. Punje ya mchanga ikiingia kwenye kiatu anasimama na kuitoa. Mambo haya yalichunguzwa kwa kina na Paul Brand, daktari mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, aliyetumia miaka mingi Vellore akitibu wagonjwa wa ukoma. Wakati huo iliaminika kwamba vidole vya mwenye ukoma huoza vyenyewe. Brand alionyesha kwamba haviozi: vinaumizwa na matumizi ya kila siku kwa sababu mwenyewe hahisi. Mwaka 1966 alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, na huko kazi yake ikawa daraja la kuvuka kutoka ukoma kwenda kisukari, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi ni uleule, ugonjwa uwe huu au ule. Mtu mwenye ganzi, aliona, hutembea hatua ya elfu tano sawasawa na hatua ya kwanza. Hakuna kinachomwambia abadili mwendo.

Eneo hili la Uganda lina historia yake na miguu ya namna hiyo. Katika kisiwa cha Bwama, Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, mmishonari Dakta Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Ukoma umepungua sana tangu hapo. Kisukari kinapanda. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikikuta kwa asilimia 1.4 ya Waganda wazima, kiwango kidogo kikilinganishwa na nchi nyingi, lakini karibu nusu ya waliogunduliwa walikuwa hawajui kama wanacho. Asiyejua ana kisukari hana sababu ya kuangalia nyayo zake.

Ganzi si madhara pekee yanayogeuza mwendo. Neva zinazoendesha misuli nazo hudhoofika, hasa za misuli midogo ndani ya mguu ambayo kazi yake ni kunyoosha vidole. Misuli mirefu ya mguuni hushinda mvutano, vidole hujikunja mithili ya kucha za ndege, na vile vichwa vya mifupa husukumwa chini huku kifuko cha mafuta kilichokuwa kikivikinga kikihamia mbele. Unyayo hubaki na mifupa iliyotokeza na ngozi nyembamba chini yake. Misuli ya mbele ya mguu, inayoinua vidole wakati wa kupiga hatua, ikilegea, mguu huanguka ardhini kwa kishindo au vidole hukwaruza njia. Jamaa wa mgonjwa huisikia dalili hii kabla hajaiona yeye: mlio wa kandambili umebadilika.

Viungo pia hukakamaa. Sukari hujishika kwenye nyuzi za kolajeni zinazounda kano na ngozi, zikawa nene na ngumu. Kano ya kisigino hukaza, kifundo cha mguu kikashindwa kupinda vya kutosha, kisigino kikanyanyuka mapema kuliko kawaida na sehemu ya mbele ya unyayo ikabeba uzito kwa muda mrefu zaidi katika kila hatua. Dole gumba lisilopinda hugandamizwa chini yake na kupata kidonda mahali panapojulikana sana na wauguzi. Ukakamavu huu unaweza kuonekana mikononi: mgonjwa akiunganisha viganja viwili mbele ya kifua, vidole havigusani vizuri.

Kisha kuna ngozi. Neva zinazoamuru jasho zikifa, ngozi ya mguu hukauka na kupasuka, hasa kisiginoni, na vumbi la kiangazi cha Isingiro huzidisha. Pale penye mgandamizo mkubwa huota sugu. Mwanzoni sugu ni kinga, lakini ikishakuwa nene inakuwa kokoto iliyopandikizwa chini ya mfupa: kila hatua huisukuma ndani, damu huvilia chini yake, na siku moja inapasuka na kufichua shimo lililokuwepo kwa wiki kadhaa. Doa jeusi au la zambarau ndani ya sugu ni kidonda ambacho hakijafunguka.

Hapa pana mkanganyiko unaostahili kunyooshwa, maana wazee wengi vijijini hujivunia nyayo ngumu. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowalinganisha watu wa Kenya magharibi wanaotembea pekupeku na wanaovaa viatu. Nyayo za waliozoea pekupeku zilikuwa na ngozi nene zaidi, lakini hisia zao za kugusa hazikuwa zimepungua. Unene huo umetandazwa unyayo mzima na neva chini yake ni nzima, hivyo mwenyewe anajua anachokanyaga. Sugu ya mwenye kisukari imejikusanya mahali pamoja na chini yake hakuna habari inayopanda. Kwa hiyo mzee aliyetembea pekupeku miaka 50 bila tatizo hana hoja ya kumpa mwenye kisukari. Mwiba wa mgunga ni uleule, lakini mmoja atauhisi na mwingine atalala nao.

Mwendo wenyewe hubadilika kwa namna inayoweza kupimwa. Wenye ganzi hutembea polepole zaidi, kwa hatua fupi, miguu ikiwa imepanuliwa, na hukaa muda mrefu zaidi nyayo zote mbili zikiwa chini. Si uvivu. Ubongo umepoteza habari za pale mguu ulipo, basi unatumia macho badala ya nyayo. Mchana mbinu hii inatosha. Usiku, katika kijiji kisicho na taa, mtu akitoka kwenda chooni macho hayamsaidii, na kama kisukari kimeshagusa macho nayo, mambo ni mabaya zaidi. Kuanguka, kujikwaa kwenye jiwe na kukanyaga msumari huwa vingi saa hizo. Tochi ndogo na viatu kando ya kitanda ni tiba ya maana, ingawa hakuna duka la dawa linalouza.

Matokeo mabaya zaidi ya kutembea bila maumivu ni kuporomoka kwa mifupa yenyewe. Hali hii inaitwa kwa jina la daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeieleza mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende iliyoharibu uti wa mgongo; uhusiano wake na kisukari ulielezwa mwaka 1936. Mguu mmoja huvimba, ukawa mwekundu na wa moto, mara nyingi bila kidonda na kwa maumivu madogo yasiyolingana na uvimbe. Ni rahisi kudhani ni maambukizi au mshtuko wa kifundo, kumpa mtu vidonge na kumwambia arudi nyumbani, na kurudi nyumbani ni kutembea. Kwa kila hatua mifupa iliyolainika huvunjika na kuhama, tao la mguu huzama, na baada ya miezi unyayo hubaki umebinuka kama kitako cha mtumbwi, uzito wote ukikaa kwenye kilele cha katikati. Mguu wa Charcot ukikamatwa mapema na kuzuiwa kukanyaga unaweza kupona ukiwa na umbo lake. Ukicheleweshwa, umbo halirudi. Mwenye ganzi aliyevimba mguu mmoja wenye joto ahesabiwe kuwa na Charcot mpaka ithibitike vinginevyo.

Viatu vinavyopatikana sokoni Nakivale au Mbarara havikutengenezwa kwa miguu hii. Kandambili, zinazoitwa sapatu na watu wengi wa Uganda, humlazimu mvaaji kukunja vidole ili zisichomoke, na ncha za vidole vilivyojikunja ndizo zinazochubuka. Kamba yake huchana kati ya dole gumba na kidole cha pili. Mwenye ganzi zikimvuka njiani anaweza kuendelea bila kujua. Viatu vya matairi vina soli imara, lakini misumari inayoshikilia mikanda hupenya kadiri vinavyochakaa. Gambuti za shambani huweka unyevu. Viatu vya mitumba vimeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine. Kosa la kawaida kuliko yote ni ukubwa: asiyehisi hupenda kiatu kinachobana, kwa kuwa chenye nafasi ya kutosha humpa hisia kwamba hakipo mguuni. Kinachofaa ni kiatu chenye soli nene isiyopenywa na mwiba, tabaka laini ndani, nafasi ya vidole kwa upana na kwa kina, na mkanda wa nyuma unaoshika kisigino. Viatu kama hivyo vya mpira laini vilishonwa kwa miongo mingi katika vituo vya ukoma, na fundi yeyote mzuri wa viatu anaweza kuvishona akionyeshwa. Kabla ya kuvivaa, vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono, ambao kwa kawaida bado unahisi.

Kidonda kikishafunguka, dawa ya kukipaka si jambo la kwanza, ingawa ndilo linaloulizwa na kila mtu. La kwanza ni kuondoa uzito juu yake. Njia yenye ushahidi mzuri zaidi ni kuufunga mguu kwa plasta ngumu, ile ya mtu aliyevunjika mfupa, ikifinyangwa kufuata unyayo na kupanda hadi chini ya goti. Plasta hutawanya uzito, hukizuia kifundo, hufupisha hatua na, kubwa zaidi, haivuliwi. Mgonjwa huendelea kutembea kidogo, lakini mwendo wake wa zamani umefungiwa ndani. Kidonda cha ganzi kisicho na maambukizi mara nyingi hufunga kwa wiki sita hadi nane kwa njia hii, hata kile kilichokaa mwaka mzima na kupewa jina la kidonda ndugu.

Mbinu hii nayo ilikomaa katika kutibu ukoma kabla ya kuhamia kisukari. Vifaa vyake si ghali. Ugumu wa Nakivale uko kwingine. Plasta inatakiwa kufunguliwa na kubadilishwa kila wiki au mbili na mtu aliyefunzwa, kwa kuwa ikikwaruza mwenye ganzi hatajua. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, ina kliniki ya kisukari, lakini safari ya kila wiki kutoka makazini ni nauli na siku ya kazi. Halafu mama mwenye mguu mmoja kwenye plasta atachotaje maji? Wauguzi wanaomwambia mgonjwa apumzishe mguu bila kuuliza ni nani atakayebeba jerikeni wametoa ushauri usioweza kufuatwa. Njia za kati zipo: sponji au kitambaa kizito kilichotobolewa na kubandikwa kuzunguka kidonda ili uzito uangukie pembeni, magongo, mzigo kugawanywa kwa watoto wa jirani, maji kuletwa kwa baiskeli. Hazifikii plasta, lakini kila hatua iliyopunguzwa inahesabika.

Si kila kidonda kinafaa kufungwa. Kisukari huziba pia mishipa ya damu, na mguu usiofikiwa na damu, au wenye usaha, plasta itauangamiza. Mishipa iliyoziba ina mwendo wake: mtu hutembea umbali fulani, shavu la mguu likakaza kwa maumivu, akasimama dakika chache, akaendelea. Kwa bahati mbaya ganzi inaweza kuficha dalili hiyo nayo, hivyo mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo lazima yapapaswe. Dar es Salaam, ambako daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wamechapisha tafiti nyingi kuhusu miguu ya wenye kisukari, ganzi ilionekana kuwa chanzo kikuu cha vidonda. Miongoni mwa tafiti zao ni moja ya mwaka 2005 kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala bila kuamka. Mpango wa mafunzo uliojulikana kama hatua kwa hatua, ulioendeshwa Tanzania na India tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwafundisha madaktari na wauguzi kwa jozi, wakarudi vituoni kwao na vifaa vya kukata sugu na kusafisha vidonda. Mfano huo unaweza kuigwa katika makazi makubwa kama Nakivale, ambako vituo vya afya huwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine. Kliniki hutumia uzi wa nailoni unaopinda ukifikia mkandamizo wa gramu 10. Nyumbani, mgonjwa hufumba macho na mtu mwingine humgusa polepole kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, kwenye dole gumba, kidole cha tatu na cha mwisho katika kila mguu. Akikosa kuhisi mahali pawili au zaidi kati ya sita, mguu uko hatarini. Kipimo hiki kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na mtoto wa shule anaweza kumfanyia bibi yake. Jioni, baada ya kazi, mgongo wa kiganja ukipitishwa kwenye nyayo zote mbili hutambua mahali penye joto kuliko mwenzake, ishara kwamba hatua za siku hiyo zimeanza kuponda. Waislamu wanaotawadha mara tano kwa siku wana nafasi nzuri ya kuangalia miguu, ilimradi maji yakaushwe katikati ya vidole. Wakague pia fundo la nje la kifundo, linalogandamizwa sakafuni wakati wa kukaa katika sala.

Zamani wenye ganzi walikatazwa mazoezi. Msimamo umelegezwa: asiye na kidonda anaweza kuongeza mwendo polepole, takriban hatua 1,000 zaidi kwa siku, akiwa na viatu vinavyofaa, na mazoezi ya kunyoosha kifundo na vidole husaidia. Ngozi huzoea mzigo unaokuja kidogokidogo. Kinachoiumiza ni siku moja ya kilomita 20 baada ya wiki ya kukaa, kama inavyotokea msimu wa mavuno.

Kidonda kikipona mguu haujarudi kuwa wa kawaida. Mfupa umebaki pale pale, ganzi ipo, kovu ni gumu kuliko ngozi: wagonjwa wapatao asilimia 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, na karibu asilimia 65 ndani ya miaka mitano. Dole gumba likikatwa, uzito lililokuwa likiubeba huhamia kidole cha pili na kichwa cha mfupa kinachofuata. Mguu ukikatwa chini ya goti, mwenzake hubeba sehemu ya kazi yake, nao una kisukari kilekile. Karakana ya viungo bandia ya hospitali ya Mbarara hutengeneza miguu kwa waliokatwa, lakini kisiki hupungua unene katika miezi ya kwanza na soketi hulazimika kurekebishwa. Ngozi yake nayo inaweza kuwa na ganzi, kwa hiyo mguu mpya huvaliwa kwa muda mfupi mwanzoni na kuvuliwa ili kisiki kikaguliwe, kabla ya mtu kuruhusiwa kutembea nao kutwa nzima.